Vijiti, ngogwe na siri ya maumbo matano

*Ilula ina mianzi, njegere na ngogwe za kutosha kufundishia maumbo ya pande tatu. Kinachobishaniwa ni kama mtoto apewe kiungo kilichotobolewa tayari au aitafute pembe mwenyewe.*

Vijiti vinne vya mwanzi vilivyokatwa kwa urefu mmoja vikichomekwa kwenye ngogwe nne, mraba unapatikana. Kona moja ikisukumwa kwa kidole, mraba unalala upande. Ikisukumwa zaidi, unajifunga kama mkasi. Hakuna kijiti kilichovunjika, kupinda wala kuchomoka, lakini mraba haupo tena.

Vijiti vitatu kwenye ngogwe tatu havina tabia hiyo. Pembetatu ikisukumwa inasogea mezani nzima nzima, na sura yake ni ileile. Ili ibadilike, lazima kijiti kivunjike au ngogwe ichanike.

Ilula, mji wa Wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, unajulikana kwa nyanya na vitunguu. Uko kando ya barabara kuu iendayo Mbeya hadi Zambia, juu baada ya kupanda mlima Kitonga. Msimu ukikolea, matenga na makasha ya mbao yaliyojaa nyanya hupangwa pembeni mwa lami yakisubiri malori. Nyanya mbichi zilizodondoka shambani hazina mnunuzi. Mianzi inayogemwa ulanzi, ikizeeka na kukauka, hupasuliwa kwa kisu ikatoa vijiti vilivyonyooka. Ngogwe ni ngumu kuliko nyanya na hushika kijiti vizuri zaidi.

Kwa hiyo vifaa vya kuchunguza maumbo kwa tufe na kijiti vimetapakaa mjini humo. Hoja iliyobaki ni ya darasani, na watu wanaojali ufundishaji wa Hisabati hawakubaliani kuihusu.

Ubao hauna kina

Mche mraba ukichorwa ubaoni, mistari tisa huchorwa kwa wino kamili na mitatu kwa vidoti. Mwanafunzi huambiwa kwamba mistari ya vidoti iko nyuma. Nyuma ya nini, ilhali ubao ni bapa? Nyuso za pembeni, ambazo ni miraba, zinaonekana zimelala. Kona ambazo ni za nyuzi 90 zinaonekana za 45 au 135. Mwenye kuelewa tayari huisoma picha hiyo bila shida. Asiyeelewa hubaki kukariri.

Mzigo huo humfuata hadi sekondari, ambako maumbo ya pande tatu yamekuwa mada ya kidato cha nne. Hapo lugha nayo imebadilika. Kona, kingo na nyuso alizozijua kwa Kiswahili shule ya msingi sasa zina majina ya Kiingereza, na picha ubaoni ni ileile ya vidoti. Mwanafunzi aliyewahi kulishika umbo lenyewe ana pa kulitundika jina jipya.

Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, takribani robo tu ya watahiniwa wa Hisabati ndio waliofaulu somo hilo. Maumbo si chanzo pekee cha matokeo hayo, wala si kikubwa kuliko vyote. Lakini ni sehemu ya somo ambayo mkono unaweza kuisaidia akili moja kwa moja, na kuiacha ifundishwe kwa chaki peke yake ni hasara isiyo ya lazima.

Njegere za Fröbel

Wazo la kuunganisha vijiti kwa vitu vya mviringo ni la zamani. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mjini Bad Blankenburg mwaka 1837, aliweka kazi ya njegere miongoni mwa shughuli za watoto. Njegere kavu hulowekwa hadi zilainike, kisha huchomekwa vijiti vilivyochongwa ncha. Zikikauka tena hujikunja na kukaza vijiti vilivyomo. Ni gundi isiyonunuliwa, nayo njegere ni zao la kawaida Nyanda za Juu Kusini.

Miongoni mwa waliopitia mikononi mwa walimu wa njegere ni Mmarekani Buckminster Fuller, aliyezaliwa mwaka 1895. Macho yake yalikuwa mabovu. Ukubwani alisimulia kwamba wenzake walijenga vijumba vya miraba kama walivyozoea kuona nyumba zilivyo, naye, kwa kuwa hakuona vizuri, alipapasa kwa vidole akitafuta muundo unaokataa kuyumba. Akaishia kwenye pembetatu. Baadaye alipata umaarufu duniani kwa majengo ya kuba yaliyofumwa kwa pembetatu.

Fundi seremala wa Ilula naye anaujua ukweli huo, ingawa hauiti jometri. Kenchi ya paa haina mraba mtupu ndani yake; kila nafasi imekatwa kwa mbao ya mshazari. Geti la mbao lisilo na mshazari huburuza chini kabla ya mwaka kuisha. Na kasha la nyanya ambalo misumari yake imelegea huegemea upande pale linapobebeshwa jingine juu yake, kwa sababu pande zake ni mistatili mitupu.

> Pembetatu haihitaji kushikiliwa na mtu. Vijiti vyenyewe vinashikiliana.

Maumbo yanayojisimamia

Yapo maumbo matano tu ambayo nyuso zake zote ni za aina moja, zenye pande na pembe sawa, na kila kona inafanana na nyingine zote. Sababu inaonekana kwa kukata karatasi. Pembetatu zenye pande sawa zikikutana tatu, nne au tano kwenye kona moja, kona hunyanyuka. Zikikutana sita, nyuzi 60 mara sita ni 360, na karatasi inalala bapa. Miraba inaweza kukutana mitatu tu, kwa kuwa minne inajaza nyuzi 360. Pembetano zinakutana tatu. Pembesita tatu zinajaza 360, basi njia imefungwa hapo. Tatu, nne na tano za pembetatu, moja ya mraba, moja ya pembetano: jumla matano. Euclid alifunga kitabu chake cha kumi na tatu kwa hoja hiyo.

Kwa vijiti vya urefu mmoja, tuseme sentimita 10, maumbo hayo hayaleti matokeo sawa mkononi. Piramidi ya pembetatu hutumia ngogwe nne na vijiti sita, na ikishafungwa haitikisiki. Umbo la nyuso nane hutumia ngogwe sita na vijiti 12. Nalo linasimama. Umbo la nyuso ishirini hutumia ngogwe 12 na vijiti 30. Wakati wa kulijenga linayumba na kukatisha tamaa, hadi kijiti cha thelathini kinapoingia. Hapo umbo zima hukaza kwa mara moja. Mabadiliko hayo hutokea chini ya vidole vya mjenzi, na hakuna mchoro unaoweza kuyaonyesha.

Jambo la kutafakari ni kwamba hakuna aliyepima pembe yoyote. Kila kijiti kilichomekwa kwa kukadiria. Lakini kwa kuwa vijiti vina urefu mmoja na nyuso zote ni pembetatu, pembe zilijirekebisha zenyewe.

Mche mraba, wenye ngogwe nane na vijiti 12, unaanguka. Umbo la nyuso 12 za pembetano, lenye ngogwe 20 na vijiti 30, linaanguka vibaya zaidi na kubaki kama kifurushi cha kuni.

Kwa nini? Mskoti James Clerk Maxwell aliichapisha hesabu yake mwaka 1864. Kila tufe lililo huru linaweza kwenda pande tatu: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Kila kijiti kinaondoa uhuru mmoja. Umbo zima likishakaza bado linaweza kusogezwa kwa namna tatu na kugeuzwa kwa namna tatu, ambazo ni sita. Basi vijiti vinavyohitajika ni idadi ya kona mara tatu, toa sita.

Piramidi: 4 mara 3, toa 6, ni 6. Inavyo sita. Nyuso nane: 6 mara 3, toa 6, ni 12. Inavyo. Nyuso ishirini: 12 mara 3, toa 6, ni 30. Inavyo. Mche mraba wenye kona nane unadai vijiti 18 na una 12, kwa hiyo umepungukiwa sita. Nyuso zake nazo ni sita: kila mraba unadai mshazari wake mmoja.

Hesabu hiyo ni sharti la lazima, lakini peke yake haitoshi, kwani mishazari miwili ikiwekwa kwenye uso mmoja, wa pili umepotea bure na uso mwingine umebaki mlegevu. Mwanafunzi anayekosea hivyo hugundua kosa kwa kusukuma.

Urefu wa mshazari ni somo jingine. Kijiti cha sentimita 10 hakifiki na cha 15 kinazidi. Kinachofaa ni takribani 14.1, yaani 10 mara kipeuo cha pili cha 2. Pythagoras, anayefundishwa sekondari kama fomula, hapa anatakiwa ili kasha lisimame. Na mishazari sita ikichaguliwa ili ikutane kwenye kona nne tu za mche mraba, yenyewe inajenga piramidi ya pembetatu ndani yake. Umbo dhaifu limeshikiliwa na umbo imara lililojificha tumboni.

Umbo la pembetano 12 linadai vijiti 54 na lina 30. Vinavyopungua ni 24, yaani mishazari miwili kwa kila pembetano. Mshazari wa pembetano ya sentimita 10 una urefu wa takribani 16.2. Uwiano huo, 1.618 na kuendelea, ndio huitwa uwiano wa dhahabu, na hapa unapatikana kwa rula na kisu.

> Mche mraba umepungukiwa vijiti sita. Nyuso zake nazo ni sita.

Kuhesabu ulinganifu

Ulinganifu hufundishwa kwa kawaida kwa kukunja karatasi yenye picha ya kipepeo. Ni mwanzo mzuri, lakini huishia kwenye mstari mmoja wa katikati. Umbo lililo mkononi lina zaidi. Piramidi ya pembetatu ikining'inizwa kwa uzi kutoka kona moja na kuzungushwa, inarudi kwenye sura yake mara tatu katika mzunguko mmoja. Umbo la nyuso ishirini likining'inizwa hivyo hivyo linarudi mara tano. Likishikwa katikati ya uso ni mara tatu, na likishikwa katikati ya kijiti ni mara mbili.

Ni njia ngapi kwa jumla za kuligeuza umbo likaonekana kama halikuguswa? Kuna hesabu nyepesi. Kijiti kimoja kinatiwa alama. Kinaweza kuhamishiwa mahali pa kijiti chochote, kikiwa kimeelekea huku au kule, basi idadi ni vijiti mara mbili. Piramidi ina njia 12, mche mraba na umbo la nyuso nane 24, umbo la nyuso kumi na mbili na la nyuso ishirini 60. Mche mraba na umbo la nyuso nane zina idadi moja kwa sababu ni ndugu: katikati za nyuso za mmoja zikiunganishwa kwa vijiti, mwingine anatokea ndani.

Iringa ina shule nyingine ya ulinganifu, iliyo mikononi mwa kina mama wanaosuka vikapu vya milulu. Kikapu huanzia katikati ya kitako na kukua kwa kuzunguka, na msusi akikosea hesabu ya nyuzi chini, kasoro humfuata hadi ukingoni. Mtaalamu aliyeichukulia kazi ya wasusi kwa uzito unaostahili ni Paulus Gerdes wa Msumbiji, aliyefariki mwaka 2014. Alichunguza mitego ya samaki, vikapu na vifungo vilivyosukwa kusini mwa Afrika, akaonyesha kwamba msusi, kwa kutafuta tu mfumo usiolegea, anafikia pembesita na hata umbo la mpira wa miguu wenye pembetano 12 na pembesita 20. Umbo hilo hilo, lenye kona 60, ndilo la molekuli ya kaboni iliyogunduliwa mwaka 1985 na kuwapa wagunduzi wake Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1996.

Tufe lenye matundu 62

Kifaa cha kununua kinachojulikana zaidi kwa uchunguzi wa namna hii ni Zometool. Chimbuko lake ni kazi ya Mmarekani Steve Baer, mjenzi wa nyumba za kuba, aliyechapisha mawazo yake kuhusu hesabu ya maumbo hayo mwaka 1970. Tufe la plastiki linalotumika leo lilianza kutengenezwa mwaka 1992 na kampuni ya Marc Pelletier na Paul Hildebrandt, Colorado.

Tufe hilo lina matundu 62: 30 ya mstatili, 20 ya pembetatu na 12 ya pembetano. Namba hizo ndizo za umbo la nyuso ishirini: kingo 30, nyuso 20, kona 12. Vijiti vya buluu huingia kwenye mistatili, vya njano kwenye pembetatu, vyekundu kwenye pembetano. Kila rangi ina urefu kadhaa, kila mmoja ukizidi uliotangulia mara 1.618, kiasi kwamba buluu fupi na ya kati zikiunganishwa kwa mstari zinalingana na ndefu.

Ndani ya tufe hilo, pembe zimeshaamuliwa na kiwanda. Mtoto anachagua tundu, hachagui pembe. Faida yake ni kubwa: umbo la pembetano 12, lile lililoanguka kama kuni, hapa hujengwa kwa vijiti 30 vya buluu na kusimama bila mshazari hata mmoja, kwa kuwa matundu yanakibana kijiti kisigeuke.

Lakini piramidi ya pembetatu yenye pande sawa, ambayo mtoto wa ngogwe huijenga kwanza, haijengeki kwa buluu, njano na nyekundu peke yake. Kingo zake zinafuata mishazari ya mche mraba, na kipeuo cha pili cha 2 hakimo katika rangi hizo tatu. Ilibidi watengenezaji waongeze vijiti vya kijani. Lililo rahisi kwa ngogwe ni gumu kwa tufe la kiwandani, na lililo gumu kwa ngogwe ni rahisi kwake.

> Tufe la kiwandani linamtunzia mtoto pembe. Ngogwe inamwachia azitafute.

Kipi kianze?

Wanaopendelea kifaa cha kununua wana hoja nzito. Umbo hutokea sahihi, vipande hudumu miaka, na darasa la juu linaweza kufika mbali: maumbo yaliyopenyana, na hata mpangilio wa fuwele zisizojirudia alizoziona Dan Shechtman mwaka 1982, zilizompa Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kwa vijiti vya mwanzi, kosa la milimita chache kwa kila kijiti hujumlishwa, na umbo la kona 60 huwa halifungiki.

Wanaotetea zana za kufaragua, kama walimu wanavyoziita, huanza na bei. Seti moja iliyoagizwa ng'ambo haitoshi darasa lenye wanafunzi wengi. Itafungiwa kabatini isipotee, na watoto wataitazama kwa mbali. Kifaa kisichoguswa hakina tofauti na mchoro wa ubaoni.

Upo pia upinzani usiohusu bei. Wazazi wengine hawapendi chakula kichezewe, na wana haki. Jibu ni kutumia zilizodondoka na zisizouzika, au udongo wa mfinyanzi uliofinyangwa kuwa vidonge. Nyanya iliyoiva haifai kabisa: inavuja na kuleta nzi. Ncha za mianzi zinachoma, hivyo kwa watoto wadogo zichongwe na mwalimu. Na kipindi cha dakika 40 kinaisha upesi pale darasa zima linapotafuta kisu.

Uzito wa mizani uko upande wa tufe huru kwa hatua ya kwanza, na sababu si umaskini. Tufe huru linatenganisha maumbo yanayojisimamia na yale yanayoanguka, na tofauti hiyo ndiyo inayozaa maswali yote yaliyofuata: kwa nini sita, kwa nini 14.1, kwa nini 24. Tufe lenye matundu maalumu linaificha tofauti hiyo kwa sababu ya ubora wake. Mwanafunzi aliyekwisha kuona mche mraba ukilala atashangaa ipasavyo akiona wa plastiki umesimama, na atauliza matundu yamefanya nini. Aliyeanza na wa plastiki hana cha kuuliza.

Mkoa wa Iringa una pa kulifanyia kazi jambo hili: Chuo cha Ualimu Kleruu, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilichoanzishwa mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu tarajali aliyejenga umbo la nyuso ishirini kwa mikono yake ataiona thamani ya kutumia kipindi kizima kwa vijiti 30.

Tatizo la muda lina njia. Vijiti vya sentimita 10, 14.1 na 16.2 hukatwa na kufungwa mafungu siku moja kabla. Njegere hulowekwa usiku wa Alhamisi. Wanafunzi sita wanatosha kwa umbo moja: wanne wanachomeka, mmoja anashikilia, mmoja anahesabu kona, kingo na nyuso. Kona zikijumlishwa na nyuso, kisha zikatolewa kingo, jibu huwa 2 kwa kila umbo kati ya hayo matano, na mhesabuji atakayepata jibu jingine ajue kuna kitu amekiruka.

Ijumaa maumbo huwekwa juu ya kabati mahali penye hewa. Jumatatu njegere zimekauka na kubana, na mche mraba wenye mishazari yake sita unaweza kubebeshwa daftari.